Mkono Ulioshona Vazi la Sikukuu

Mimi ni fundi wa nguo. Nyumba yangu ya kazi ni chumba kimoja chenye dirisha moja, hapa Rughenda mjini Butembo, upande wa uwanja mdogo wa ndege. Cherehani zangu ni za miguu, pasi yangu ni ya makaa, na meza yangu ya kukatia ilikuwa hapo zamani mlango wa nyumba ya baba yangu. Kwa miaka mingi nimewashonea akina mama wa parokia, mabibi arusi, watoto wa Komunyo ya kwanza, hata na marehemu, maana wengi hapa kwetu hawapendi kumlaza mtu wao kaburini katika nguo iliyochakaa. Leo sitasema habari za ushonaji tu. Nataka kuwasimulieni jinsi kazi hii ilivyonifundisha haki, nami nilivyokuwa mzito wa kufundishika.

Wasichana wanaokuja kujifunza huniuliza mara nyingi: “Mama Fundi, mitindo hii unaitoa wapi?” Wengine hudhani nimeficha vitabu vya picha kutoka Ulaya. Sina. Nina walimu watatu tu.

Mwalimu wa kwanza ni macho. Jumapili, watu wanapotoka Misa, mimi husimama kando ya njia nikatazama jinsi nguo inavyoanguka mtu akitembea. Humwona mama akiinua mikono kumfunga mtoto mgongoni, na papo hapo najua kama fundi wake alimfikiri au hakumfikiri, kwa kuwa nguo iliyobana kwapani itapasuka kabla ya mwezi kwisha. Mwalimu wa pili ni kitambaa chenyewe. Kitenge cha yadi 6 hutoa vikwembe vitatu, kila kimoja yadi 2: kimoja cha blauzi, kimoja cha kujifunga kiunoni, na kimoja cha kujitanda au kumbebea mtoto. Kabla ya kutia mkasi, yafaa kukitandaza na kukisoma kama barua. Ua kubwa hutaka kukaa katikati ya mgongo, si kukatwa nusu na tundu la mkono. Ndege waliochorwa wakiruka juu hawashonwi vichwa chini. Fundi mwenye haraka hayaoni hayo, na mvaaji huonekana kana kwamba ameazima nguo ya mtu mwingine.

Mwalimu wa tatu ni nguo kuukuu, naye ndiye aliyenifungulia macho kuliko wote.

Nilipokuwa msichana, Masista walitufundisha kukata na kushona: sketi, aproni, shati la shule, pindo la mkono na tundu la kifungo. Nawashukuru hata leo. Lakini kola ya koti ilinishinda. Kila niliyoishona ililala kama sikio la mbuzi. Basi siku moja sokoni, katika rundo la mitumba, nikaona koti la mwanamume lililoungua mkono mmoja. Hakuna aliyelitaka, nikalipata kwa bei ya sabuni. Jioni kwa jioni nikalifumua kwa wembe, uzi baada ya uzi, nikavilaza vipande juu ya magazeti na kuvichora. Hapo nikaiona siri niliyoitafuta: chini ya kola kuna kitambaa kigumu kilichofichwa, nacho kimekatwa mshazari ili kipate kujikunja vizuri shingoni.

Nikaona na jambo lingine ambalo sikulitafuta. Ndani ya bitana, mahali pasipofikiwa na jicho la mnunuzi, mshono ulikuwa umeteleza. Aliyeushona alirudi nyuma, akapita tena, ukateleza tena, akapita mara ya tatu. Karibu na hapo palishonwa kipande kidogo cha utepe chenye maandishi, nacho kilisema kwamba koti lilitengenezwa Bangladesh. Mpaka siku ile nilidhani kwamba nguo za viwandani hushonwa na mashini. Kumbe mashini haishoni peke yake. Mtu alikuwa ameketi pale, labda usiku, labda amechoka; akakosea, akalitengeneza kosa lake, nami nilikuwa nimelishika mkononi. Wahenga wa pwani walisema: usione vyaelea, vimeundwa.

Miaka ikapita. Asubuhi ya tarehe 24 Aprili 2013, jengo la ghorofa 8 liitwalo Rana Plaza liliporomoka huko Savar, karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Ndani yake mlikuwa na viwanda 5 vya nguo. Siku moja kabla, nyufa kubwa zilikuwa zimeonekana ukutani. Benki na maduka ya chini yakafunga milango. Lakini mafundi wa nguo waliamriwa kurudi kazini, na wengi waliogopa kunyimwa mshahara wa mwezi. Wakafa watu 1,134, na wengine zaidi ya 2,000 wakaumia. Wengi wao walikuwa wanawake vijana, washonao nguo za kuuzwa Ulaya na Amerika. Tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Papa Fransisko alisema kwa uchungu habari za watu wale waliolipwa euro 38 kwa mwezi, akaiita kazi hiyo utumwa.

Niliposikia habari hizi redioni nililikumbuka koti langu. Nikawaita wanafunzi wangu wanne, nikawaeleza, tukasali fungu moja la Rozari kwa ajili ya marehemu. Kisha nikasema kwa sauti kubwa: “Matajiri wale hawamchi Mungu. Kumfungia binti wa watu kazini namna ile!” Wanafunzi wangu wakanyamaza, wakatazama chini. Nilidhani ni huzuni.

Haikutimia miezi minne. Akina mama wa parokia walichagua kitenge kimoja kwa ajili ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 15 Agosti. Wakaniletea mavazi 43 ya kushona, tena wamechelewa, kwa kuwa mzigo wa vitenge ulikawia njiani. Vitenge vyetu vingi husafiri mbali: hutoka China kwa meli hata Mombasa, kisha kwa malori hupita Kenya na Uganda, na kuingia kwetu kwa njia ya Kasindi. Barabara ikifungwa, sikukuu haingoji. Nilitaka dola 7 kwa kila vazi. Wakanishusha hata 5. Nilijua kwamba bei ile haitoshi, lakini niliogopa wasije wakaenda kwa fundi mwingine. Nikakubali. Sasa sikilizeni nilivyoifidia hasara. Sikuifidia mfukoni mwangu. Niliifidia katika usingizi wa watoto wa watu.

Desturi ya ufundi kwetu yajulikana. Mzazi humleta binti yake, hulipa ada ya kuingia, na binti hukaa na fundi mwaka mmoja au zaidi. Kila anachokishona ni mali ya fundi. Mwanzoni desturi hiyo ina haki yake, kwa kuwa mwanafunzi huharibu vitambaa, huvunja sindano, na hutumia saa za mwalimu. Lakini kati ya wanne wale alikuwako mmoja, binti wa mjane, aliyekuwa nami karibu miaka miwili. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuwa kama wangu. Nilizidi kumwita mwanafunzi kwa sababu moja tu: mwanafunzi halipwi.

Usiku 5 tulifunga mlango tukashona kwa taa. Usiku wa tarehe 13 yule binti alisinzia, mguu wake ukaendelea kukanyaga, na sindano ikapenya ukucha wa kidole chake cha shahada. Hakulia kwa sauti. Nikamfunga kidole kwa ukanda wa kitenge kile kile, na neno nililomwambia ni hili: “Angalia usichafue nguo za watu.” Mungu anisamehe. Neno hilo nalisikia mpaka leo.

Siku ya sikukuu ilipendeza. Akina mama waliingia kwa maandamano, kitenge kimoja, mwendo mmoja, na hakuna ua lililokatwa vibaya. Nje ya kanisa watu walinishika mkono na kunipongeza. Wanafunzi wangu watatu walikuwako. Yule wa nne sikumwona. Alasiri nikaenda kwao, nami nakiri kwamba nilikwenda kumkemea kwa kukosa Misa siku kubwa namna ile. Nikamkuta nyuma ya nyumba akichambua maharagwe kwa mkono mmoja.

“Mwanangu, mbona hukuja kanisani?”

“Mama, sina nguo.”

Alisema hivyo pasipo hasira, kama mtu asemaye kwamba mvua imenyesha. Sketi yake ya kazini, aliyoivaa kila siku, ilikuwa imepasuka. Kwa siku chache alikuwa ameshona mavazi 15 ya sikukuu, naye hakuwa na hata moja la kwenda nalo mbele ya altare. Nilitafuta neno, sikulipata. Nikaaga.

Usiku ule nilifungua daftari la shule, nikapiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Mavazi 43 kwa dola 5 ni dola 215. Nyuzi, vifungo, zipu, sindano, makaa na mafuta ya taa, dola 48. Kodi ya chumba mwezi ule, dola 20. Zikabaki dola 147, zote zangu. Kama ningaliajiri fundi kutoka nje, ningalimlipa dola 2 kwa kila vazi. Basi kwa mavazi 15 yule binti alistahili dola 30. Wale wengine watatu, waliopiga pasi, waliotia vifungo na kukunja pindo, walistahili nao sehemu yao. Nami niliwapa nini? Chai na mkate.

Moyo wangu ulijitetea. Ulisema: mimi si tajiri, mimi mwenyewe nimepunjwa, tena ndiyo desturi. Lakini hesabu haikunyamaza. Nikafahamu jinsi ubaya huu unavyotembea. Mnunuzi humbana fundi, fundi humbana mwanafunzi, na bei ndogo huteremka ngazi baada ya ngazi mpaka imkute yule asiyeweza kukataa. Huko Savar ndivyo ilivyokuwa: wenye maduka makubwa waliwabana wenye viwanda, na wenye viwanda wakambana binti wa cherehani. Tofauti yao na mimi ilikuwa ukubwa wa nyumba tu. Nyani haoni kundule.

Sikuwa na fedha zote, maana nyingine nilikwisha kuzitenga kwa karo ya watoto. Jumatatu nikampa yule binti dola 10 mkononi. Alizitazama, akaniuliza kwa hofu: “Mama, wanifukuza?” Hakuwa ameona kamwe mwanafunzi akipewa fedha, isipokuwa pale anapoambiwa aende zake. Nikamjibu: “La, mwanangu. Hii ni haki yako, na nyingine bado wanidai.” Nilimaliza deni hilo mwezi wa Desemba, na wale wengine nao nikawalipa kidogo kidogo. Yeye hakuniambia kwamba amenisamehe, wala mimi sikuthubutu kumwuliza. Alikaa mbele ya cherehani yake akaanza kazi.

Tangu hapo niliyasikiliza upya mafundisho niliyoyasikia toka utoto. Torati ilimwamuru Mwisraeli kumlipa kibarua maskini ujira wake kabla jua halijachwa. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia hupiga kelele, na kelele hizo hufika masikioni mwa Bwana. Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi: mfanyakazi akikubali ujira mdogo kwa kuogopa jambo lililo baya zaidi, amedhulumiwa, hata kama alikubali. Fundisho hilo ndilo lililonichoma. Binti yule hakulalamika kamwe. Lakini kunyamaza kwake hakukuwa kuridhika.

Sisi Wakongomani tungepaswa kulifahamu neno hili kuliko wengi. Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha watu wa sehemu nyingi za Kongo kulima pamba na kuiuza kwa bei iliyowekwa na wengine, na aliyekataa aliadhibiwa. Pamba ile ilifumwa nguo nzuri, na waliozivaa hawakuuona mkono uliolima. Babu zetu walidhulumiwa shambani. Haifai wajukuu wao wadhulumiane mezani pa kushonea.

Kuanzia mwaka 2014 nikabandika sheria tatu ukutani. Ya kwanza: jua likichwa, cherehani hufunikwa. Ya pili: mwanafunzi akiisha kuweza kushona vazi zima peke yake, hupata sehemu yake kwa kila vazi linalolipwa. Ya tatu: daftari la hesabu hukaa mezani, na kila mmoja wetu ana ruhusa ya kulifungua. Ili nipate kuzitimiza, ilinibidi kupandisha bei. Akina mama wakakasirika. Mmoja aliniambia: “Mama Fundi, kumbe nawe umekuwa Mzungu!” Nikamfungulia daftari. Alisoma, akaguna, akaenda kwa fundi mwingine. Mwaka ule nilipata mavazi 17 tu ya sikukuu. Siku nyingi tulikula maharagwe bila mafuta, wala sitawadanganya kwamba haki huleta faida upesi. Baadaye wengine walirudi, kwa sababu mshono ulioshonwa mchana na mtu aliyelala usiku haufumuki mapema. Wengine hawakurudi hata leo.

Huenda msomaji ataniuliza: “Mimi ni mnyonge, navaa mitumba. Habari hizi zanihusu nini?” Ndugu yangu, usione haya. Mitumba imewasitiri maskini wengi, nami nimejifunza kola kwayo. Ni kweli kwamba mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika ya Mashariki walipatana kuipunguza ili viwanda vyao vipate kuinuka. Na Rwanda ilipopandisha ushuru wake, mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nafasi ya kupeleka nguo huko pasipo ushuru. Mambo hayo ni ya wakubwa. Lakini yako mengine ambayo mkono wetu wayafikia.

Kwanza, peleka kitambaa chako mapema. Vazi la sikukuu likiletwa siku tatu kabla, mtu fulani atakosa usingizi, na mara nyingi si yule uliyepatana naye bei.

Pili, lipa siku ile ile unapochukua nguo. Wako watu wanaokwenda Komunyo wakiwa wamevaa deni la fundi.

Tatu, uliza. Mwulize fundi: “Nani amenishonea? Naye hupata nini?” Msiseme kwamba sauti ya mnunuzi haina nguvu. Baada ya msiba wa Rana Plaza, watu wengi wa Ulaya na Amerika walianza kuwauliza wenye maduka swali hilo hilo, na mwezi wa Mei 2013 makampuni yakaanza kutia sahihi mapatano ya kuyakagua majengo ya viwanda vya Bangladesh. Hatimaye yaliyotia sahihi yakapita 200. Swali dogo likiulizwa na wengi, huwa zito.

Nne, tunzeni mlicho nacho. Enyi akina mama, nguo za watoto ziachieni akiba ndani ya mshono na pindo refu, zipate kufunguliwa mtoto akikua. Gauni lililochakaa mabega bado lina sketi ndani yake. Nanyi wanafunzi mnaojifunza kukata na kushona, msiitupe nguo kuukuu kabla ya kuifumua. Mtajifunza ndani yake mitindo kuliko katika picha, na mtakutana na mwenzenu aliyeishona.

Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za Tabita wa Yafa, mwanamke aliyejaa matendo mema. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea alipokuwa pamoja nao. Hawakusema maneno mengi. Nguo zenyewe zilimshuhudia. Mimi hujiuliza: siku yangu itakapofika, nguo zangu zitashuhudia nini? Yale mavazi 43 ya mwaka 2013 yako bado Butembo. Mengine yamekwisha kuwa mbeleko, mengine vitambaa vya kufutia meza. Kila nionapo kipande chake, nakumbuka kile nilichokifungia kidole cha mtoto wa watu.

Yule binti leo ana cherehani yake mwenyewe na wanafunzi wake wawili. Kovu lingali kidoleni. Mwaka jana nilipita kwake jua likikaribia kuchwa, nikaingia, nikakaa. Alimaliza mshono mmoja, akatazama dirishani, akasimama, akazifunika cherehani. “Twendeni nyumbani,” akawaambia wanafunzi wake. “Nguo ya watu itangoja kesho.”

Mungu azibariki kazi za mikono yetu, atujalie kulipa tunachodaiwa, na atupe nguo ambazo hatutaona haya kuzivaa mbele yake.